Neno la Kushuka Alilouliza Maseiga

Kijiji cha Vaitoa,
Savai'i,
Samoa.

Jumanne, 10 Machi

Mpendwa Shangazi Eseta,

Nisamehe kwa kutanguliza hili kabla ya salamu. Nikianza na salamu nitaendelea na salamu hadi karatasi iishe, nawe unanijua. Shangazi, mimi sijamsamehe Ielome. Nyumba yote imemsamehe, kijiji kimemsamehe, na mchungaji alitusifu kanisani kwa kumsamehe, mimi nikiwa nimesimama kwenye safu ya kwaya naitikia amina. Hakuna mtu niliyemwambia. Hata Mungu sijamwambia kwa sauti, maana nyumba yetu haina kuta na Bibi hulala kwa jicho moja na kusikia kwa masikio yote mawili.

Hilo limetoka. Sasa shikamoo, Shangazi. Unaendeleaje na nyonga? Baba alisema daktari amekuruhusu kutembea bila fimbo ndani ya nyumba, ila nje bado. Tafadhali mtii. Baridi ya huko haijaanza bado, nadhani, lakini Mama anasema uvae soksi hata sasa.

Sisi hatujambo. Mvua haikatiki, nguo zinakauka kwa zamu juu ya jiko. Kimbunga walichotangaza redioni kilipita mbali, kikatuachia shelisheli nyingi chini ya miti kuliko tunazoweza kula. Kikohozi cha Baba kimepungua. Bibi Sapati hana tena lile jino lililomsumbua. Aling'oa mwenyewe, kisha akatulaumu kwamba hatukumwonea huruma.

Matokeo yangu ya mtihani nimeyapata. Kiingereza kimenishinda kidogo, lugha yetu nimefaulu vizuri, hesabu hivyo hivyo. Mwalimu mkuu ameniambia nisubiri kidogo, huenda nikapata nafasi ya ualimu wa watoto wadogo. Ninasubiri. Asubuhi nafagia, mchana nasuka mkeka na Bibi, jioni natunza hesabu za kwaya, ambazo ni za nani hakuja mazoezini.

Uliponipigia simu ile Jumapili ulisema Maseiga ameagizwa na mwalimu wake huko Auckland aandike habari za neno moja la kwetu, maana yake na lilikotoka, naye amechagua ifoga. Ukasema, Lagi ndiyo kwanza ametoka shuleni, atatueleza. Nikajibu ndiyo, Shangazi. Baba alikuwa ameketi karibu yangu na Taniela wa baba mdogo anachonga mpini wa shoka pale pale, kwa hiyo nisingeweza kujibu zaidi ya ndiyo. Ndiyo maana naandika, na barua nitaipeleka posta kwa mkono wangu.

Basi Maseiga aandike hivi. Neno linaanzia kwenye ifo. Ifo ni chini, au kwenda chini. Mtoto akiwa juu ya mshelisheli na mama yake anaogopa tawi litavunjika, humwambia ifo mai, yaani shuka uje. Ifo pia ni kuinama mbele ya mkubwa. Katika Biblia yetu, watu walioinamia sanamu wameandikwa kwa neno hilo hilo. Ukitia ga mwishoni, tendo linakuwa jambo lenye jina, kama vile kushuka kunavyokuwa mshuko. Kwa hiyo ifoga ni kule kujishusha.

Neno si letu peke yetu. Watonga wanasema hifo. Wamaori mnaoishi nao huko wanasema iho, na watu wa Hawai'i vivyo hivyo. Mwalimu wetu alituambia kwamba hao wote walilichukua kwa mababu wamoja, kila mmoja akaenda nalo kwenye kisiwa chake, likachakaa pembeni kwa namna yake. Hiyo sehemu naipenda. Maseiga anaweza kuiandika yote.

Nilipomsomea Bibi maelezo hayo, alisema, “Mizizi ni ya magimbi. Mwandikie kuni na mawe.”

Maana yake ni kwamba zamani, babu zake yeye walipokwenda kuomba radhi kwa damu, walibeba kuni, mawe ya kuokea na majani ya kufunikia. Vitu vyote vya kumwoka nguruwe, ila nguruwe hayumo. Nguruwe ni wao. Walikuwa wanasema, tumekuja na jiko letu, mkitaka kutuoka tuokeni. Siku hizi kuni zimeachwa, umebaki mkeka mwembamba wa heshima. Mwenye kosa anapiga magoti mbele ya nyumba aliyoikosea, na ukoo wake pamoja naye, wanajifunika mkeka huo kichwani na kungoja. Watu wa nyumba wakitoka na kuuondoa mkeka, yamekwisha. Wasipotoka, ndipo jiko linapokumbukwa.

Hiyo ndiyo maana na hilo ndilo chimbuko. Angekuwa ni Maseiga peke yake anayesoma, ningeishia hapo.

Ajali yenyewe uliisikia kwa simu, ila kwa vipande vipande. Ielome ni kijana wa Luasoa, ng'ambo ya uwanda wa lava. Umri wake ni kama wa kaka Solofa. Yeye na wenzake walikuwa wametoka kwenye mchezo wa kriketi wameshinda, wakawa wanashindana kwa magari wakiteremka mlima wetu kwenye mvua. Pikapu aliyoendesha Ielome ilikuwa ya mjomba wake. Solofa alikuwa kando ya barabara na mzigo wa nazi begani. Alikuwa amekwisha toka barabarani kabisa, Shangazi. Alikuwa kwenye majani, na pikapu ikamfuata huko huko. Mguu waliukata hospitalini Apia, chini ya goti. Ile nafasi ya kazi ya msimu ya kuchuma matunda huko kwenu, aliyokuwa amekwisha pita vipimo vyake vyote, imekwenda kwa mtu mwingine.

Siku ya pili yake alfajiri nilitoka kufagia majani kama kawaida. Mama alikuwa hospitalini na Solofa. Mvua ilikuwa ndogo. Nikaona mbele ya nyumba, juu ya kokoto, kitu kama paa la kibanda lililoanguka. Kisha nikaona miguu.

Nilijua mara moja ni nini. Nimekuja duniani nikijua. Mtu wa kwanza kuwaona anapaswa kwenda kumwamsha mkuu wa nyumba. Mimi niliendelea kufagia. Nilifagia kuwazunguka, polepole, kama mtu anavyofagia kuzunguka jiwe.

Bibi aliinua kichwa kutoka kitandani. “Lagi, unafagia nini hapo?”

“Majani, Bibi.”

“Majani yenye nyayo?” akasema. “Kamwamshe baba yako.”

Baba aliamka, akafunga kikoi, akaketi akiegemea nguzo yake akiwatazama. Akaketi tu. Kulipambazuka, majirani wakaanza kukaa kwenye nyumba zao wakitazama kwetu. Hakuna aliyewasha redio. Watu walio chini ya mkeka hawakutikisika, ila mara moja tu mmoja alikohoa, akakibana kikohozi.

Taniela alitokea nyuma na panga. Unamkumbuka alivyokuwa mdogo akigombana hata na kuku. Amekua, lakini hajabadilika. Yeye na Solofa wamelala mkeka mmoja tangu utoto.

“Taniela,” Bibi akamwita, “panga la nini asubuhi hii?”

“Nakwenda kukata magimbi, Bibi.”

“Shamba liko nyuma ya nyumba. Mbona unatazama mbele?”

Taniela alimwendea Baba, akachuchumaa kando yake. “Baba mkubwa, sema neno moja tu,” akamwambia. “Moja.”

Sote tulijua ni neno gani. Mimi nilikuwa bado nimeshika ufagio. Hapa, Shangazi, nakuambia kweli tupu. Nilitaka Baba alitamke.

Baba hakulitamka. Alichukua simu akakupigia wewe. Sisi tulisikia upande wake tu. “Dada, wako hapa. Ndiyo. Ndiyo, nimewaona, nawatazama. Hapana, Solofa hajaamka. Madaktari hawajui bado.” Kisha ukawa unasema wewe, muda mrefu sana, simu iko sikioni mwake. Sijui ulimwambia nini. Hajatuambia wala hatujamuuliza, maana neno la dada kwa kaka halichunguliwi. Mwisho alisema, “Ndiyo, dada,” akaiweka simu chini.

Hata hapo hakuinuka upesi. Kwanza alinyoosha mkono bila kumtazama Taniela, na Taniela akakaa na panga lake, akakaa, kisha akaliweka kwenye kiganja cha Baba. Baba akalisukuma chini ya mkeka aliokalia. Ndipo akatoka nje kwenye mvua, kichwa wazi, akainama akaushika mkeka kwa mikono miwili na kuuondoa.

Mbele alikuwa yule mjomba mwenye pikapu, mkuu wa ukoo wao, mzee mwenye mvi. Ielome alikuwa pembeni yake, paji la uso liko chini kabisa kwenye kokoto. Alipoinuka vijiwe viwili vitatu vilikuwa vimemnata usoni. Mzee yule alianza hotuba yake ya kuomba uhai, ile ndefu, na Baba akamkatiza katikati. Sijapata kumwona Baba akikatiza hotuba.

“Ingieni ndani,” alisema. “Mnanyeshewa.”

Ndivyo ilivyoisha. Ikaja kava, ikanywewa kwa heshima, zikaja hotuba, na mimi nikaamriwa kupika kakao. Nilipita na sinia, nikainama kwa kila mgeni kama nilivyofundishwa. Nilipobakiza mmoja, naye ni Ielome, nikasema kakao imekwisha, nitaongeza, nikarudi jikoni. Sikurudi tena. Birika lilikuwa na kakao ya vikombe vingi tu.

Wiki iliyofuata nilivuka na feri kwenda kumwona Solofa. Alikuwa amekonda, ila mdomo wake haukuguswa na ajali. Muuguzi alipopita alinitambulisha kwake kama mpishi wake. Nilimpelekea gimbi na samaki wa kopo, akala vyote.

Nikamuuliza, “Kaka, walikuuliza?”

“Waliniuliza nini?”

“Kama unakubali. Kabla Baba hajatoka.”

“Lagi, nilikuwa nimepigwa sindano. Wangeniuliza, ningekubali hata kumwoa yule muuguzi mwenye ndevu.” Kisha akaona sicheki. “Na ningekataa, je? Nani angemzuia Taniela? Mimi, nikimkimbiza kwa mguu huu?”

“Lakini wewe mwenyewe. Umemsamehe?”

Alitazama dari. “Asubuhi ndiyo,” akasema. “Jioni ule mguu usiokuwepo huwa unawasha. Ukiwasha namtukana yeye, mama yake na pikapu. Kukicha namsamehe tena. Ni kazi, kama ya kufagia majani yako.” Akaniuliza ule mkeka wa ifoga umewekwa wapi. Nikamwambia uko chini ya godoro la Bibi pamoja na mingine. Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. “Kwa hiyo Bibi ndiye analalia mguu wangu.”

Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba mimi hata asubuhi sijawahi. Sikumwambia. Yeye ndiye aliyekatwa, mimi sijakatwa hata ukucha. Ningeonekanaje?

Sasa Ielome huja kwetu kila Jumamosi. Hakuna aliyemwagiza. Hulimia magimbi, hupasua kuni, na Jumapili alfajiri huwasha tanuri la mawe kwa ajili ya chakula cha baada ya kanisa. Si fundi. Jumapili ya kwanza Bibi alilichukua shelisheli lake, akaligeuza mkononi na kumuuliza, “Mjukuu, hili umelioka au umelizika?” Ielome akasema, “Nililizika, Bibi, lakini halikufa vizuri.” Bibi alimpenda tangu siku hiyo. Nami niliona kwamba jibu lilikuwa zuri, nikakasirika zaidi.

Baba aliamuru asile nyuma pamoja na vijana, ale mkekani pamoja naye, kama mgeni. Na mgeni akimaliza kula hupelekewa bakuli la maji na taulo anawe. Hiyo ndiyo kazi yangu, tangu nikiwa na miaka saba. Hupita nimeinama, napiga magoti mbele ya kila mmoja, nashika bakuli mpaka amalize. Nilimpelekea Baba, nikampelekea mchungaji, nikampelekea Bibi. Kila nilipobakiza mtu mmoja, maji yalikuwa yamechafuka, nikaenda kuyamwaga. Nilichelewa kisimani. Niliporudi, Ielome alikuwa amekwisha nyanyuka na kwenda kunawia bombani.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Nilidhani nina bahati.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafagia, naye anapasua kuni upande wa pili wa jiko. Kwa kawaida hatusemezani. Aliacha shoka.

“Lagi,” akasema, “ninajua.”

“Unajua nini?”

“Habari ya maji.”

Nilitazama ufagio. Nilitaka kusema kitu cha kuumiza, nilikuwa nacho tayari, nimekitunza tangu Januari, lakini unajua mimi sauti hunikimbia inapohitajika.

“Sisemi kitu kwa mtu,” akaendelea. “Huwa nanyanyuka mapema ili wasione. Taniela anatazama sana. Wewe endelea tu kuchelewa kisimani, mimi nitawahi bombani.” Akachukua shoka, akalishusha tena. “Una haki.” Kisha akaendelea kupasua.

Shangazi, nilikasirika kuliko siku ya kwanza. Kumbe wiki zote hizo nilizodhani namwadhibu, yeye alikuwa ananifichia siri. Alikuwa amekaa anakula nusu, ili anyanyuke kwa wakati. Na sababu yake ilikuwa ya kweli. Taniela akigundua kwamba ndani ya nyumba hii kuna moyo mmoja uliokataa, atasema basi ule mkeka uliondolewa bure, na lile panga Baba hakulitupa, liko shambani linafanya kazi kila siku.

Juzi Jumapili Solofa alirudi nyumbani. Mama alimshika upande mmoja na gongo upande mwingine. Kijiji kizima kilikuja kumtazama, naye akawaambia wanaume wote kwamba sasa viatu vyake ni nusu bei. Mchungaji alikuja kula, na yule mzee wa Luasoa alikuja na nguruwe wawili na magimbi ya kujaza pikapu. Pikapu ile ile, ndiyo. Aliisimamisha mbali barabarani, wakabeba vitu kwa mikono hadi kwetu.

Walikula. Niliketi pembeni na bakuli langu na taulo. Walipomaliza, yule mzee alianza kusema, na mzee mkuu wa ukoo akisema hakuna anayenyanyuka. Alikuwa anamshukuru Baba, taratibu, akianzia kwa mababu. Nilianza kunawisha. Mchungaji. Mzee mwenyewe, bila kuacha kusema. Baba. Bibi. Solofa, aliyenirushia maji kidogo kwa kidole. Nikabakiza mmoja.

Ielome alitazama bomba. Hakuweza kunyanyuka. Hotuba ilikuwa bado iko kwa mababu. Nami niliinua bakuli niende kisimani, nikaona Taniela amenitumbulia macho kutoka kwenye nguzo ya nyuma.

“Lagi,” akasema kwa sauti ya chini, lakini nyumba haina kuta, “mgeni mmoja hajanawa.”

“Maji ni machafu,” nikasema.

“Ya Solofa yalikuwa safi sasa hivi.”

Mzee wa Luasoa aliendelea kusema, ila alianza kurudia maneno. Baba hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na mgongo wake ulikuwa kama ule wa alfajiri ile alipokuwa ameketi na simu sikioni. Solofa alinitazama, mara hii bila mzaha, na nikajua kwamba ameelewa. Ielome alikuwa ameficha mikono yake chini ya kikoi. Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema amekwisha nawa, kuchukua uongo aufanye wake.

Sikumngoja. Nilisema samahani nipite, nikainama, nikapita mbele ya wakubwa wote hadi mwisho wa mkeka, nikapiga magoti mbele yake na kumnyooshea bakuli.

Hakutoa mikono upesi. Ikabidi nikae hivyo. Magoti yangu yalikuwa kwenye mbao, kichwa changu kiko chini kuliko chake, na bakuli likianza kuwa zito. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba yeye alikaa hivi kwenye kokoto, mvuani, tangu kabla sijaamka, na mimi nikafagia kumzunguka.

Mwisho aliitoa mikono. Vidole vilikuwa na malengelenge ya mawe ya tanuri, vingine vimepasuka. Ninadhani maji yalimuuma. Maji yakawa meusi kwa masizi. Nikampa taulo. Akasema asante kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Nikanyanyuka na bakuli.

Taniela aligeuka akamuuliza Solofa kama bado kuna mafuta ya nguruwe. Hotuba ya mzee ikatoka kwa mababu ikafika kwa watu walio hai.

Nilikwenda kisimani nikamwaga yale maji, nikakaa huko muda mrefu, na mara hii nilikuwa na kazi huko kweli, maana nilikuwa nalia. Bibi alinifuata. Alisimama akinitazama na kusema, “Moshi wa tanuri ni mbaya leo.” Tanuri lilikuwa limezimika tangu asubuhi. Akarudi zake.

Sasa utauliza kama nimemsamehe. Nimejiuliza jana na leo. Jibu ni lile la mwanzo wa barua, ila si zito kama lilivyokuwa. Nilifikiri mtu husamehe kwanza, ndipo akainama. Sasa sijui. Baba alipotoka mvuani sidhani kama alikuwa amekwisha samehe. Nadhani alitoka kwanza. Labda ulimwambia hivyo, labda sivyo. Siulizi.

Maseiga aandike ifo, na hifo, na iho, na kuni za Bibi. Akitaka, aongeze kwamba mkeka ulioshuka kwetu una vinyoya vyekundu pembeni na ni wa kazi nzuri sana. Hayo yatamtosha kwa mwalimu. Majina asiyaandike.

Mama anakusalimu sana, anasema mafuta ya nazi uliyoomba yako tayari, yanasubiri mtu wa kuyaleta. Solofa anakusalimu, anaomba umtafutie huko mguu wa plastiki wenye rangi yake, si ile ya wazungu. Bibi Sapati anakusalimu na kukulaumu kwa kunenepa, kwa mujibu wa picha. Taniela anakusalimu. Msalimie Maseiga na wadogo zake, na wote wa kanisa lenu wanaotoka kwetu. Mungu aiponye nyonga yako, akupe hatua nyepesi, na atujalie tuonane tungali tunatambuana.

Baba hajui kwamba nimeandika haya. Usimwambie, Shangazi, wala usiniulize kwa simu, kwa kuwa simu yetu husikika hadi barabarani. Taniela hujiunga na maongezi hata asipoitwa. Mbele ya watu wote nyumba yetu imesamehe, na nataka ibaki hivyo. Kilichobaki ni changu, nami nitakimaliza kwa Jumapili zangu, bakuli kwa bakuli. Wewe nishikie bakuli upande mmoja tu, na unyamaze.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Lagimalie